Vijiti sawa, mkono hapana?

Wiki mbili zilizopita wenzangu wa kazini walinitoa tukale chakula cha Kithai, mtaa wa Nicollet Avenue, hapa Minneapolis. Tulikuwa watano: wanne wazaliwa wa huku huku, na mimi mtoto wa Ifakara. Dada aliyetuhudumia akapanga meza vizuri, sahani katikati, kijiko mkono wa kulia, uma kushoto. Kabla hajageuka kuondoka, mwenzetu mmoja, nitamwita Jitu kwa sababu ya urefu wake, akamuuliza kama kuna vijiti vya kulia chakula, vile vya Kichina. Dada akatoa lile tabasamu la kazini, sote tuliobeba boksi tunalijua, akaingia nyuma na kurudi na pakiti tano za karatasi. Hata mimi nikawekewa, na sikuomba.

Jitu akavipasua vyake, akavisugua kimoja kwa kingine kama mtu anayepekecha moto, kisha akaanza kuukimbiza wali. Wali wenyewe uko kwenye sahani bapa, umelowa mchuzi wa nazi. Punje nne zinapanda, tatu zinaanguka njiani. Mimi nikashika kijiko changu nikala. Mtu aliyekulia kwenye mpunga wa Kilombero havumilii kuona wali unateswa namna ile. Nilipofuta mdomo, mwenzangu alikuwa hajafika hata nusu, na chakula kimeshapoa.

Kilichonifanya niandike haya nilikiona wakati tunalipa. Wateja walikuwa wamepungua, na yule dada amekaa na mpishi kwenye meza ya karibu na mlango wa jikoni, wanakula chakula chao cha mchana. Wali na mchuzi, kama sisi. Wote wawili walikuwa na kijiko na uma.

Ndivyo Wathai wanavyokula wali kwao. Uma waliuchukua kwa Wazungu karne ya 19, wafalme wao ndio walioanza, lakini wakaushusha cheo: kazi yake ni kusukuma chakula kiingie kwenye kijiko, na kijiko ndicho kinachokwenda mdomoni. Vijiti wanavyo kwa ajili ya tambi na supu za tambi, vitu walivyovipata kwa Wachina. Kwa hiyo Jitu, katika kutaka kula kama mwenyeji, alimrudishia mwenyeji chombo chake akaomba cha jirani.

Najua jibu linalowajia haraka, maana lilikuwa langu pia kwa miaka mingi: Mzungu anajionyesha. Anataka watu wa meza ya pili wajue kwamba ametembea, ameshafika Bangkok, si mtu wa kula baga tu. Hilo lipo, silikatai. Lakini ukikaa nao muda mrefu unaona kuna kitu kingine kimechanganyika humo, na si kibaya. Wengi wanaamini kweli kwamba kuomba uma kwenye mgahawa wa Kiasia ni kumvunjia heshima mpishi. Nilimuuliza Jitu tukiwa kwenye gari. Akasema angejisikia kama mgeni asiye na adabu. Sisi tuna msemo wa hilo, ukienda kwa wenye chongo nawe vunja lako jicho. Yeye alishavunja jicho, tatizo alikosea nyumba.

Halafu kuna jambo dogo ambalo hawaambiwi. Baba mkubwa alikuwa kibarua wa reli ya TAZARA, kambi za upande wa Mlimba, miaka ya mwanzo ya sabini. Hadithi zake za Wachina hazikuwa na mwisho, na mojawapo ni ya chakula. Alisema walikuwa wanachuchumaa, bakuli limeinuliwa hadi kidevuni, na vile vijiti vinausukuma wali mdomoni kama ufagio unavyosukuma takataka mlangoni. Dakika tano mtu ameshamaliza, amesuuza bakuli, amerudi kwenye mataruma. Vibarua wetu bado wanatafuta maji ya kunawa.

Siri iko kwenye bakuli, ndugu zangu. Kijiti hakikuumbwa kubeba punje kutoka mezani hadi mdomoni, safari yote ile. Bakuli ndilo linalokuja kwa mtu. Lakini Jitu amelelewa tangu mdogo kwamba sahani haiinuliwi mezani, ukiinua unapigwa jicho na bibi. Ameazima vijiti, desturi inayovifanya vifanye kazi ameiacha dukani. Wakorea nao bakuli hawaliinui, lakini ndio maana wana kijiko kirefu mezani pembeni ya vijiti vyao vya chuma, na wali wanaula kwa hicho kijiko.

Tena jikoni kwa Mchina kila kitu kimeshakatwa. Nyama vipande vya kung'ata mara moja, mboga hivyo hivyo. Kisu kinabaki kwa mpishi. Chakula kama hicho, na tambi ndefu, vijiti vinakiweza kuliko uma, wala sibishi.

Sasa linganisha na nyumbani. Ingia mgahawa wa Kichina Dar es Salaam, uone Mswahili anavyoketi. Vijiti vikiletwa anavisogeza pembeni, pengine anampa mtoto achezee, anaita, "Kaka, naomba kijiko. Na pilipili." Hakuna anayegeuka kumtazama, wala mwenyewe haoni aibu. Wachina tunaishi nao tangu enzi za reli, tunanunua simu zao na vyombo vyao Kariakoo, na bado vijiti havijawa sifa kwetu. Dar mtu anayetaka kuonekana wa daraja la juu anashika kisu na uma. Minneapolis mtu wa namna hiyo hiyo anaviacha. Ni maringo yale yale, yamebadilisha vyombo tu.

Na vijiti navyo havikuzaliwa na heshima hii. Wachina walifika kwa wingi California baada ya dhahabu kuonekana, mwaka 1849 na kuendelea, wakafungua vilabu vya chakula San Francisco. Vijiti vyao vilikuwa vya kuchekwa, kama walivyochekwa wao, hadi sheria ya mwaka 1882 ikawafungia mlango vibarua wao wasiingie tena nchini. Miaka tisini baadaye, Februari 1972, Rais Nixon akaketi Beijing pembeni ya Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, na Wamarekani wakamwona kwenye runinga akishika vijiti. Chakula cha Kichina kikapanda chati nchi nzima. Uma wenyewe ulipitia hayo hayo: Mwingereza Thomas Coryat aliuona Italia, akarudi nao kwao, akaandika habari zake mwaka 1611, na wenzake wakamfanya kichekesho. Nchi nzima ilikuwa inakula kwa vidole, inamcheka mwenye uma!

Sasa tuje kwenye vidole vyetu, maana ndiko ninakoelekea.

Mwaka jana wa 2025 mlikiona kisa cha Zohran Mamdani, yule mzaliwa wa Kampala ambaye sasa ndiye meya wa New York. Ilisambaa video anakula wali kwa mkono. Mbunge mmoja wa Texas akaandika kwamba watu waliostaarabika Marekani hawali hivyo, na asiyetaka desturi za Magharibi arudi dunia ya tatu. Texas, jamani, kwenye mbavu za kuchoma, mtu anakula mchuzi unamfika masikioni! Watu walimjibu wakachoka, picha za baga, za pizza, za kuku. Lakini neno lilishasemwa, na wengi wetu lilitugusa mahali tulipokuwa tumepaficha. Hakuna mbunge atakayethubutu kuandika hivyo kuhusu mtu mwenye vijiti.

Nilitaka kuandika kwamba Mzungu anaogopa mkono, basi. Kisha nikakumbuka migahawa ya Wahabeshi. Twende wote, hapa mjini au kule Washington: Jitu huyo huyo anakaa mbele ya injera, ule mkate wao laini, pana kama beseni, anakata kipande kwa vidole, anakokota mchuzi wa dengu, analamba. Haulizi uma. Kwa nini? Kwa sababu mezani haupo. Mhabeshi ameweka chakula chake kinavyoliwa, wala hajaomba radhi. Mgeni anatazama wengine, anafuata. Na sushi je? Japani mtu anaichukua ile ya kufinyanga kwa vidole bila shida yoyote, lakini huku anayekumbatia baga kwa mikono miwili anatetemeka na vijiti vyake, eti kwa adabu.

Sisi tunafanyaje? Mwaka juzi nilisafiri mji mwingine, nikaambiwa kuna mgahawa wa Waswahili wenzetu. Nikaenda na njaa yangu ya miezi. Ugali ukaja umefungwa kwenye nailoni, samaki pembeni, na kisu na uma vimeviringishwa kwenye leso kama vya hotelini. Nikamwomba kijana maji ya kunawa. Akanionyesha mlango wa choo. Nikaenda, nikanawa kwa ile sabuni ya waridi ya ukutani, nikarudi nikakuta ugali umeota ngozi. Wateja wengine walikuwa Wazungu wawili wanaukata ugali kwa kisu kama keki. Nani angewalaumu? Ndivyo walivyowekewa.

Nami si msafi. Miaka yangu ya kwanza nilikuwa nabeba ugali kazini, na kwenye chumba cha mapumziko nauchoma kwa uma wa plastiki, nyama naikata, natazama mlangoni. Nyumbani nikawa nasema "leo tutumie uma, haraka haraka". Haraka ikazoeleka. Binti yangu ana miaka tisa, tambi za Kijapani anazila kwa vijiti bila kudondosha hata moja, shuleni wenzake wanamsifu. Mwezi uliopita nikampakulia ugali na kisamvu, akainuka akaenda kwenye droo kutafuta uma. Sikusema neno, maana ningemlaumu nani?

Basi Jumamosi iliyopita nikamwalika Jitu. Nikatoa birika na beseni, vile alivyovileta mama alipokuja kututembelea na ambavyo tangu aondoke vilikuwa juu ya kabati na maua ya plastiki ndani. Nikasonga ugali, sangara wa kuoka nikamrostisha kwa nyanya na vitunguu, kisamvu cha nazi. Uma sikuweka hata mmoja. Binti akapita na birika, anamimina, Jitu ananawa na kushangaa maji ya vuguvugu. Akauliza nani anaanza. Nikamwambia tunaanza wote. Akapeleka mikono yote miwili, binti akamzuia: wa kulia tu. Yeye aliyekimbilia droo!

Tonge la kwanza lilikuwa kubwa kama yai la bata, tena la moto, likamshinda akalirudisha. La pili binti akamwonyesha namna ya kubonyeza kwa dole gumba hadi lipate kijishimo, na yeye akatengeneza lake pembeni kwa kumwonyesha. Jitu akabonyeza, akachota mchuzi, akainua taratibu kama aliyebeba maji kwenye kiganja. Ukamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Binti akaenda kuchukua birika.