Wikio na ukuta: je, makao ya wazee yana nafasi katika miji yetu ya Pwani?

Mama mkubwa wangu, ambaye ameshapita miaka 80, aliteleza kwenye ngazi za nyumba yao ya mawe mtaa wa Mkomani, Lamu, akavunjika nyonga. Wanawe ni wanne: mmoja yuko Mombasa, wawili wako Ghuba, na mmoja ameolewa hapa Malindi, mtaa wa Shela. Mgonjwa alipotoka hospitali ndugu walikaa kushauriana, na mmoja wao akatamka jambo ambalo halikuwahi kutamkwa katika ukoo wetu, kwamba atafutiwe nafasi katika makao ya wazee ya kulipia, penye wauguzi. Waliokuwapo waligawanyika papo hapo. Wapo waliosema hilo ni tusi kwa mzazi, na wapo waliokaa kimya kwa namna iliyoonyesha kuwa wamelifikiria siku nyingi. Mimi nilikuwa upande wa waliokasirika. Tangu siku hiyo nimelipima jambo hili pande zote, na sehemu ya hasira yangu imepungua, ingawa si yote.

Tatizo la kwanza ni kwamba neno moja, makao, linabeba vitu vinavyotofautiana sana. Kule Marekani, ambako biashara hii imekomaa, mji wa Sun City katika jimbo la Arizona ulifunguliwa tarehe 1 Januari 1960 kwa ajili ya watu waliokaribia kustaafu au waliokwisha kustaafu, wenye afya na wenye uwezo wa kununua nyumba zao wenyewe. Hao hawakupelekwa na mtu. Walikwenda kwa miguu yao. Ngazi ya pili ni nyumba ambamo mzee ana chumba chake lakini husaidiwa kuoga, kuvaa na kukumbuka dawa. Ngazi ya tatu ni ya uuguzi wa usiku na mchana kwa aliyepooza au aliyepoteza kumbukumbu. Huku kwetu Kenya tumeizoea zaidi aina ya nne, ile ya hisani, kama Nyumba ya Wazee ya Kasarani, Nairobi, inayoendeshwa na masista wa Kikatoliki kwa ajili ya wazee wasiojiweza. Ndiyo maana mtu wa Lamu akisikia makao ya wazee huona picha ya mtu asiye na jamaa, na anayemwambia habari hiyo huku jamaa wamejaa ukumbini humwona kama anawafuta wote kwa pamoja.

Hoja ya wanaopinga ina mizizi mirefu. Katika sura ya Al-Israa, aya ya 23, Mwenyezi Mungu anaamrisha wazazi watendewe wema, na anataja uzee wao kwa kusema wakiufikia mmoja wao au wote wawili ilhali wako kwako, basi usiwaambie hata «uff», sauti ndogo ya kuchoshwa. Mashekhe wetu hulishika neno hilo, «kwako», kwa uzito unaostahili: uzee wa mzazi umedhaniwa kuwa utapita mbele ya macho ya mwanawe. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia yake na kwa Dola. Familia imetajwa mbele.

Hata mawe ya miji yetu yanaitetea hoja hii. Katika Lamu ya kale, mtu aliyejaliwa binti alimjengea nyumba karibu na yake, au aliongeza ghorofa juu ya yake, na pale ambapo uchochoro uliwatenganisha alijenga wikio, yaani chumba kinachopita juu ya njia kikiziunganisha nyumba mbili. Binti aliolewa bila kuondoka kwa mama yake, na mama alizeeka bila kuingia katika nyumba ya mtu. Kila mmoja alikuwa na mlango wake, jiko lake na siri zake, lakini kilio cha usiku kilisikika upande wa pili. Chini, kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, mzee wa kiume alikaa na wenzake akaamkiwa na kila apitaye. Kazi yake haikwisha: ndiye aliyejua nasaba kabla ya posa kukubaliwa, ndiye aliyekumbuka shamba fulani liliishia kwenye mbuyu upi. Bibi naye aliitwa kwenye uzazi na kwenye harusi. Kumtoa mtu kama huyo akalazwe mahali ambapo kila kitu anafanyiwa ni kumpokonya kazi kabla ya kumpa kitanda, na hasara hiyo haionekani katika daftari la muuguzi yeyote.

Hayo yote ni kweli, nami nayaamini. Hata hivyo, nimegundua kwamba wengi wanaoyasema kwa sauti kubwa si wale wanaoamka saa tisa za usiku. Anayeamka ni mwanamke, na mara nyingi ni mwanamke mmoja: binti aliyebaki karibu, au mkaza mwana ambaye hakuulizwa. Kaka zake hutuma pesa kwa simu, wakafika Idi, wakamwona mama amekonda, wakauliza kwa nini. Juu ya hayo, kuna jambo linaloniuma kulisema. Mabinti wengi wa Pwani wako Saudia na nchi jirani zake wakifanya kazi za nyumbani, na miongoni mwa kazi hizo ni kuwaogesha, kuwalisha na kuwageuza kitandani wazee wa watu wengine. Tunasema hatuwezi kumkabidhi mzazi wetu kwa mtu wa mshahara, na huku sisi ndio watu wa mshahara katika nyumba za wengine. Aya ile ile tunayoitolea hoja haikukataza kuhamisha kitanda tu, ilikataza «uff». Mlezi asiyelala miezi sita, asiye na wa kumpokea, ataitamka hata kama ni mcha Mungu, na mzee ataisikia.

Nyumba zenyewe nazo zimebadilika, au tuseme sisi ndio tuliobadilika nazo zikabaki zilivyo. Ngazi za nyumba ya mawe ni nyembamba, zimesimama wima, na aghalabu hazina pa kujishikia. Vyumba bora viko juu. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuanguka kuwa sababu ya pili ya vifo vya ajali zisizokusudiwa duniani, nyuma ya ajali za barabarani, na wanaokufa zaidi ni waliopita miaka 60. Mzee wa kisiwani akianguka usiku, na tatizo likishinda uwezo wa hospitali ya kisiwani, huvushwa kwa boti hadi Mokowe kabla hajaianza barabara ndefu ya kwenda Mombasa. Mama mkubwa alikaa miaka mingi ghorofani, na msichana wa kazi alikuwa akija mchana tu. Wanawe waliamini hayuko peke yake kwa sababu yuko kwao, kumbe aliowazoea wamekufa, majirani wamehama, na nyumba mbili za mtaa ule zimekuwa za wageni. Kuna siku alipitisha tangu adhuhuri hadi alfajiri bila kumsemesha mtu. Makao mazuri, kwa upande huu, yana jibu la kweli: watu wa rika moja wanaokumbuka mambo yale yale, choo cha kuketi chenye bomba la kushikia, chakula kinachomfaa mwenye kisukari, na mtu anayejua kupima presha bila kungoja miadi.

Kisha kuna jambo la Kilifi, ambalo mwandishi wa Malindi hawezi kulipita kimya. Kwa miaka mingi wazee wa vijijini katika kaunti hii wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hiyo pana shamba. Nywele nyeupe zimekuwa ushahidi. Huko Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma kinachowahifadhi wazee waliokimbia ili wasiuawe, na baadhi yao walitishwa na wa damu yao wenyewe. Kwa mzee wa namna hiyo hoja ya kwamba nyumbani ndipo penye mapenzi haina maana yoyote, na ukuta ni rehema. Ila hata hapa pana uchungu wake: mzee akishakaa salama kituoni, shamba linabaki na yule aliyelitaka. Hifadhi isiyofuatana na kesi ya ardhi humwokoa mtu na kumwachia mdhalimu alichokusudia.

Tukija kwenye pesa, mambo ni wazi na sitayarefusha. Mpango wa serikali wa Inua Jamii humpa mzee aliyetimiza miaka 70 na kusajiliwa shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo hazifiki shilingi 70 kwa siku. Uangalizi wa usiku na mchana unahitaji angalau watu watatu wa kupokezana, kabla hujanunua sabuni. Marekani, ambako nyumba za ngazi ile ya pili, za mzee kusaidiwa kuoga na kuvaa, hugharimu kwa wastani zaidi ya dola 5,000 kwa mwezi, bima ya serikali ya wazee, Medicare, hailipii makazi hayo, na familia nyingi huuza nyumba ya mzazi ili kumlipia. Hapa Malindi tunao Waitaliano wengi waliokuja kustaafu, wanaoishi katika nyumba zenye ulinzi na wahudumu, na vijana wetu wamejifunza kwao mengi ya kazi ya kutunza wazee. Ni rahisi mwekezaji akauona mfano huo, akanunua kiwanja cha ufukweni, akajenga kijiji kizuri kwa wenye pensheni nono na kwa familia zenye watoto ng'ambo. Simlaumu. Ninachokihofia ni kwamba tutaona jengo hilo na kudhani jambo limeshughulikiwa, ilhali miongoni mwa watu milioni 2.7 wa miaka 60 na zaidi waliohesabiwa nchini katika sensa ya 2019, wengi hawajawahi kuajiriwa kazi yenye pensheni.

Na hata kwa mwenye kuweza kulipa, ukuta una tabia yake. Wageni huwa wengi mwezi wa kwanza na wachache mwezi wa sita, hasa panapohitaji nauli. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, makao mengi ya Ulaya na Marekani yalifunga milango kwa wageni, na wazee wengi wakafa bila mkono wa mwana. Bila maradhi pia, mahali asipopita mtu bila taarifa, mhudumu mkali huweza kufanya atakalo. Mtaani mtu akimfokea mzee, jirani husikia. Ningeulizwa kipimo kimoja tu cha kuyapima makao, nisingetazama rangi ya kuta. Ningehesabu ni watu wangapi huingia kwa siku bila kualikwa.

Kwa hiyo naona tunabishania mambo mawili kana kwamba hakuna la tatu. Wikio linatufundisha kwamba wazee wetu hawakutaka kulala chumba kimoja na watoto wao. Walitaka kuwa karibu, kila mtu na mlango wake. Makao yanayotufaa ni yale yatakayojengwa kwa kanuni hiyo: nyumba ndogo ya wazee sita au wanane, ndani ya mtaa, si nje ya mji, vyumba vyote chini, kila mmoja na ufunguo wake, karibu na msikiti au kanisa na duka la maandazi, wahudumu wawe wamefunzwa na walipwe mshahara wa haki. Jamaa waweze kuingia na sinia la Ijumaa bila kuandika jina kwenye kitabu. Njia ya kuigharimia si ngeni. Tumezoea kuweka wakfu nyumba na mashamba kwa ajili ya misikiti na madrasa. Hakuna kinachozuia nyumba kuwekwa wakfu kwa ajili ya vikongwe wa mtaa, na wanaojiweza wakachangia gharama zao.

Najua udhaifu wa pendekezo langu. Mali ya wakfu imewahi kuingiwa na mikono michafu, na bila wasimamizi wanaotoa hesabu hadharani jambo litaharibika. Malindi ni mji wa Waswahili, Wabajuni, Wagiriama na wengineo, Waislamu na Wakristo, na nyumba ya wakfu lazima iamue mapema itampokea nani. Zaidi ya hayo, mzee aliyepoteza kumbukumbu kiasi cha kutoka usiku kuelekea baharini hawezi kupewa ufunguo. Huyo anahitaji lango linalofungwa na watu wa kumlinda, na familia inayomtafutia mahali pa namna hiyo isihukumiwe na waliolala.

Mama mkubwa sasa yuko Shela kwa binti yake, chumba cha chini, mlango unaotazama njia. Wanawe walikubaliana kumlipa mwanamke wa pili wa kumpokea dada yao usiku tatu kwa juma. Tulipomweleza habari ya makao hakukasirika kama tulivyohofia. Aliuliza wangapi wako huko, wanatoka wapi, na kama ataruhusiwa kujipikia chai yake mwenyewe. Hatukuwa na jibu, kwa sababu katika mabishano yetu yote hakuna aliyekuwa amekwenda kutazama.