Gari Limenyanyuka, Sasa Livishwe Nini?

Ukitaka kujua dunia ina wataalamu wangapi wa magari, nyanyua gari lako inchi mbili halafu uliache na matairi yake ya kiwandani. Watajitokeza wenyewe. Hukuwaita, huwalipi, na kuwaondoa huwezi. Mmoja atalitazama gari kwa ubavu, kichwa upande, atasema, "Bosi, hapo chini pana njaa." Mwingine, ambaye usafiri wake ni baiskeli, atakwambia weka 35, yaani matairi ya kipenyo cha inchi 35, uache woga. Wa tatu haongei kabisa. Anapiga tairi teke, anaguna, anaondoka. Huyu wa kuguna ndiye ananimaliza, maana mguno huwezi kuubishia.

Nakubali, gari lililonyanyuliwa likiwa na vitairi vidogo halina heshima. Springi ndefu, shokapu mpya zinang'aa, halafu madigadi yako wazi mpaka ukiinama unasalimiana na mtu aliye upande wa pili. Lakini kuna jambo wataalamu wangu hawaligusi: springi hazinyanyui difu, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli! Kwenye gari lenye ekseli nzima, difu limekaa kwenye ekseli, ekseli imebebwa na magurudumu, na magurudumu yako chini. Nyanyua bodi, nyanyua chesisi, nyanyua kiti na mwenye kiti, lile dude la chuma linalogonga mawe linabaki palepale, halina habari. Kinacholipandisha ni tairi tu. Na tairi lenyewe lina dhuluma yake: ukiongeza kipenyo kwa milimita 57, difu linapanda 28, kwa sababu nusu ya nyongeza inakwenda juu ya ekseli, huko ambako hakuna jiwe hata moja. Nanunua 57, napelekewa 28, na muuzaji ananipa mkono wa hongera.

Sasa njoo kwenye namba. Matairi yangu ya kiwandani ni 265/70R16. Ile 265 ni upana kwa milimita. Ile 70 ni asilimia: ubavu wa tairi una kimo cha asilimia 70 ya huo upana. Ile 16 ni rimu, na rimu inapimwa kwa inchi. Nani alikaa akaamua hivi? Ndani ya tairi moja wanaishi milimita, asilimia na inchi kama wake wenza wasiosalimiana, na mimi ndiye wa kuwapatanisha kwa kikokotoo cha simu. Basi nikapatanisha. 265 mara 0.70 ni 185.5, zidisha mara mbili maana ubavu uko juu na chini, jumlisha rimu milimita 406, unapata kipenyo cha karibu 777. Ile 285/75R16 ambayo kila mtu ananisukumia inatoka 834. Wenyewe wanaiita "33", ukiipima ni inchi 32.8, lakini ukisema hivyo mbele za watu unaonekana mchokozi.

Nikapeleka gari kwa fundi aangalie kama 834 inaingia. Fundi wangu ni mtu wa vitendo. Akafunga tairi la kuazima upande wa kushoto mbele, akazungusha usukani mpaka mwisho, akasema, "Umeona? Halijagusa." Nami nilikuwa nimeshasoma mawili matatu, nikamwambia, fundi, gari likiwa limesimama hata tairi la trekta linaweza lisiguse. Panda gurudumu juu ya gogo springi ibonyee, ndipo ukate kona. Akanitazama kwa huruma, akapandisha, akakata kona. Krrrrrr! Tairi likalamba plastiki ya ndani ya madigadi, kisha likakita kwenye ule mshono wa chuma ulioko nyuma ya gurudumu. Fundi hakushtuka. Akatoa chaki mfukoni, akachora mstari kwenye madigadi yangu mazima, akasema, "Tunapunguza kidogo tu hapa, na hapa tunapiga nyundo."

Kidogo ya fundi inatisha kuliko nyingi ya mtu mwingine. Nikaifuta ile chaki kwa kiganja.

Halafu ndipo akanipa suluhisho la pili, rimu za kutoka nje zaidi, eti gari litapanua kifua. Ni kweli linapanua. Ila rimu ikitoka nje, tairi ukilikata linachora duara kubwa zaidi, kwa hiyo pale lilipokuwa likikwepa sasa linakwenda kubisha hodi kwenye bampa. Na beringi za magurudumu zinabeba mzigo ambao hazikuusomea. Nao mkononi unausikia: kila shimo unaloingia, usukani unakuvuta mkono.

Mimi moyo wangu uko kwa 255/85R16. Nyamaza kwanza, nipige hesabu: 255 mara 0.85, mara mbili, jumlisha rimu, inakuja karibu 840. Ni refu kuliko lile la 285, na ni jembamba kuliko hata la kiwandani. Difu linapata milimita zaidi ya 31, madigadi yanapona kwa sehemu kubwa, na kwenye tope la juu juu lenye ardhi ngumu chini yake, tairi jembamba linakata linaikuta ardhi. Nilipolitaja hili kwa muuzaji wa kwanza alicheka. Wa pili akasema saizi hiyo haipo duniani, akiwa amekaa chini ya kalenda iliyochorwa tairi la saizi hiyo. Watu wanataka upana. Wanakwambia mchangani utazama. Mchangani dawa ni kupunguza upepo: shusha hadi paundi 18 hivi, tairi linalala, unyayo wake unarefuka, gari linapita. Mwenye tairi pana aliyejaza 40 nitamkuta palepale na koleo lake, nami nitampungia mkono kwa adabu zote.

Na hawa wa 35, naomba wakae hapa mbele niwaone. Inchi 35 ni milimita 889. Toka 777 mpaka 889 ni nyongeza ya asilimia 14. Maana yake gia zako zote zimekuwa nzito kwa asilimia 14, mlima uliokuwa unaupanda na gia ya tatu sasa unaupanda na ya pili huku lori la mizigo linakupigia honi nyuma. Kama difu lina uwiano wa gia wa 4.10, kurudi ulipokuwa kunataka karibu 4.7. Na ukibadilisha la nyuma ukaacha la mbele, siku utakayoingiza foo-wili utavunja vyuma. Kwa hiyo ni madifu mawili. Hapo bado breki, ambazo sasa zinasimamisha gurudumu zito lenye mkono mrefu. Bado mafuta. Mtu anakwambia "weka 35" kwa sekunde mbili, na sentensi yake ina madifu mawili ndani!

Hata mimi wa 840 sijasalimika. Spidi mita itaanza kunidanganya kwa asilimia 8: ikiandika 80, mimi niko 86. Nijaribu kumweleza askari wa barabarani habari za kipenyo. Kilomita nazo zitahesabika pungufu, kwa hiyo nitajiona gari linakula mafuta kupita kiasi, na kweli linakula, ila si kwa kiwango nitakachokiona. Nikiwa na huzuni itabidi kwanza nipige hesabu nijue ni huzuni ya kiasi gani.

Kuhusu meno nitasema kwa kifupi, maana hapa ndugu hugombana. Tairi la matope lina meno makubwa yenye mapengo, linajisafisha tope, kwenye uchafu ni mfalme. Kwenye lami yenye maji ni jambo jingine, mpira unaogusa barabara ni mchache na breki unaikanyaga ukimtaja Mungu. Na kelele. Jirani yangu anayo hayo, akirudi usiku tunamsikia toka barabara kuu, na ndani ya gari yeye na mkewe wanaongea kwa mikono. Maisha yangu ni lami, vumbi, na tope la kuombea, kwa hiyo nachukua lile la kati, la barabara zote. Niite mwoga. Yule jirani nilipomwambia akaniambia tairi la matope lina herufi Q, maana yake linaruhusiwa kufika kilomita 160 kwa saa. Gari langu likifika 160 itakuwa limedondoka kutoka mlimani, na herufi haitanisaidia.

Herufi na namba ninazozitazama mimi ni nyingine. Namba ya uzito ambao tairi linaweza kubeba, isiwe chini ya ile ya kiwandani. Na zile tarakimu nne mwisho wa mstari unaoanza na DOT ubavuni mwa tairi, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji mmoja aliniambia tairi ni jipya kabisa, halijawahi kugusa barabara. Nikachuchumaa na tochi ya simu. Kugusa barabara halijagusa kweli, limezeekea rafuni. Nikamwonyesha tarakimu, akasema hiyo ni namba ya simu ya kiwanda.

Nyumbani nako wana yao. Mama mkwe alikuja, nikamfungulia mlango kwa heshima zote, akasimama akautazama, akauliza, "Mwanangu, sasa mtu anaanzia wapi?" Nikamwambia, mama, shika hapa, kanyaga pale, jivute. Akasema atatembea. Na matairi makubwa bado sijaweka!

Ila kinachoninyima usingizi ni tairi la tano. Watu wote wanahesabu manne. Spea ya kiwandani inaning'inia chini ya gari, nyuma, kwenye nafasi iliyokatwa kwa 777. Ya 840 haiingii, inagombana na bomba la moshi. Ukiipandisha juu ya paa, tairi peke yake linavuka kilo 20, ongeza rimu, ongeza kwamba paa lenyewe umelinyanyua kwa fedha zako mwenyewe. Ukiifunga kwenye mlango wa nyuma, bawaba zinaanza kulia baada ya muda. Basi uache spea ndogo ileile? Siku ya pancha utakuwa na gurudumu moja fupi linalozunguka haraka kuliko wenzake, difu linasaga mfululizo kufidia tofauti, na ukiingiza foo-wili kwenye ardhi ngumu unajitafutia msiba. Mke wangu ameshaniuliza, "Baba, na hilo la tano litalala wapi?" Nikajifanya sikusikia, akauliza tena kwa kutaja vyumba.

Jana muuzaji wa tatu kanipigia. "Bosi, ile saizi yako ya ajabu imepatikana." Nikauliza tarakimu nne, akanisomea, za mwaka huu. Nikauliza namba ya uzito, safi. Nikakaa chini. Nikamwambia nifungie matano.

"Yapo manne."

Nikamwambia bila la tano sichukui.

Kimya. Nikasikia anaziba simu kwa mkono, ananong'ona na mwenzake, kisha akarudi taratibu, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa: "Bosi, kwani hilo gari lako lina miguu mingapi?"