Binti Mwenye Uchawi Hakuletwa Uchina na Riwaya

Riwaya za fantasia zinazomweka msichana mwenye nguvu za kichawi katika Uchina ya kale hupata lawama moja kila mara: kwamba mwandishi amemchukua binti wa leo na kumvika hariri. Mwanamke wa enzi zile, wanasema wakosoaji, alimtii baba, kisha mume, kisha mtoto wake wa kiume. Mamlaka ya mambo ya roho angeyapata wapi?

Tuanze na Fu Hao, mmoja wa wake za mfalme Wu Ding wa nasaba ya Shang. Kaburi lake lilifukuliwa Anyang mwaka 1976, likiwa halijaguswa na wezi kwa takriban miaka 3,200. Mifupa ya kupigia ramli ya wakati wake inamtaja akisimamia matambiko na akipelekwa vitani na askari wanaokadiriwa 13,000. Confucius, mwanafalsafa ambaye wakosoaji wanatumia mafundisho yake ya utii kumpimia mwanamke wa kale, alizaliwa zaidi ya miaka 600 baadaye.

Kisa kinachonisumbua zaidi, hata hivyo, ni cha mwaka 130 KK. Malkia Chen, mke wa mfalme Wu wa nasaba ya Han, alituhumiwa kuloga. Mwanamke mganga aliyemtumikia, Chu Fu, alikatwa kichwa na kuanikwa sokoni. Waliouawa pamoja naye walipita 300. Watu mia tatu kwa kesi moja! Fitina za ikulu zilikuwemo, sikatai: Chen hakuwa na mtoto, na suria Wei Zifu alikwisha kuuteka moyo wa mfalme. Lakini fitina huchagua tuhuma inayoaminika. Serikali iliyowaona waganga wanawake kuwa vichekesho isingemwaga damu kiasi hicho. Na mwaka 91 KK tuhuma ile ile ya uchawi ilimgeukia mwana wa mfalme aliyetarajiwa kurithi kiti. Mama yake, Wei Zifu yule yule, akajiua.

Wakosoaji wana hoja penye vitu vidogo ambavyo waandishi wavivu huviruka. Kumpeleka binti wa enzi ya Han kwenye mtihani wa kitaifa wa wachawi ni kuchanganya karne. Mitihani ya kupata maofisa ilianza kujengeka chini ya nasaba ya Sui, mwanzoni mwa karne ya 7. Chai na desturi za ndoa nazo hutupwa humo bila kuangalia mwaka. Haya yasahihishwe.

Ila mimi nisingemwomba mwandishi apunguze uchawi. Ningemwomba aongeze karani anayeandika majina, jirani anayechongea, na mwanasesere wa mbao wa kulogea aliyefukiwa chini ya sakafu ili apatikane wakati wa upekuzi. Msichana anayerusha moto sokoni mchana kweupe bila hata mtu mmoja kwenda kumshtaki, huyo ndiye asiyefanana na Uchina ya Han.