Ukienda kununua mnyororo wa baiskeli, beba tupa

Baiskeli yangu ya kwanza hapa Tabora, Phoenix nyeusi yenye keria pana, iliibwa saa nne asubuhi karibu na soko, watu wanapita. Na nilikuwa nimeifunga. Niliporudi na mchele wangu nikakuta waya wa kufuli umelala chini, umekatwa. Nikauokota. Plastiki ya bluu ilikuwa nene kama kidole gumba, lakini chuma cha ndani hakikuzidi penseli, tena ni nyuzi zilizosokotwa, zimechanuka pale kwenye mkato kama ufagio wa chelewa. Kumbe nilinunua plastiki.

Tangu hapo nina msimamo unaowachosha jamaa zangu: kufuli la waya si kufuli, ni kamba. Linafaa kumzuia mtoto asiipande baiskeli, basi. Mkasi wa kukatia nondo unaumaliza mara moja. Yale ya namba ndiyo usiseme. La tarakimu tatu lina namba 1,000 tu, kuanzia 000 hadi 999, na mwizi wala hahitaji kuzimaliza. Mengi ya bei rahisi ukiyavuta huku unazungusha, vidole vinasikia pale yanapokamata.

Ile pingu ya nyuma inayopita kati ya spoku naipenda kwa kuingia dukani kununua vocha na kutoka. Lakini inazuia gurudumu kuzunguka, haizuii baiskeli kubebwa begani.

Mnyororo, basi. Ila dukani yote inang'aa, na wa kufungia mbwa unaning'inia pamoja na wa maana. Fundi baiskeli mmoja wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora, ndiye aliyenifungua macho. Alinipa tupa kuukuu ya kunolea majembe, akaniambia, "Mzee, nenda nayo."

Nikachagua mnyororo, nikasugua pete ya mwisho. Kijana muuzaji akaruka: "Mzee wangu, unaniharibia mali!" Nikamwambia, "Pete moja tu, mwanangu, nikiiharibu nitailipia." Tupa ikauma, unga wa chuma ukamwagika kwenye kiganja. Huo hata msumeno wa chuma utaula. Wa tatu ndio ulionipa raha: rangi ya juu ilitoka, kisha tupa ikateleza kama inapita kwenye kioo, ikapiga kelele ya kukera meno. Hicho ni chuma kilichokomazwa, kilichopashwa moto kikapozwa ghafla. Usiishie kwenye rangi, kwa sababu huwa laini hata kama chuma cha ndani ni kigumu. Tazama pia kama pete zimechomelewa. Zilizokunjwa tu huachia kwa nondo na nguvu kidogo.

Grenda itakata chochote, najua. Lakini grenda inataka umeme au betri, inapiga kelele na kurusha cheche, na mwizi wa sokoni anataka kimya.

Kosa ninaloliona kila siku ni mnyororo mnene uliofungwa kwa kufuli la sanduku. Mwizi hana shida na mnyororo wako, anakata kile chuma chembamba kilichopinda cha kufuli. Tafuta kufuli ambalo chuma hicho ni kinene na kimejificha, kionekane kidogo tu. Mnyororo nao usiuache ulale chini, maana ardhi au jiwe linakuwa fuawe, nyundo inamaliza kazi.

Halafu kuna habari ya kufungia wapi. Miembe tunayo kila upande, lakini shina lake mnyororo haulizunguki, kwa hiyo watu wanafunga kwenye kibao cha tangazo kilichochimbiwa mchangani. Kinang'olewa chenyewe, kinaondoka na baiskeli. Mimi naomba nondo za dirisha la duka, nakaza fremu pamoja na gurudumu la nyuma. Ukifunga la mbele peke yake, spana moja tu na utakuta gurudumu linakusubiri.

Namba iliyogongwa kwenye fremu iandike nyumbani. Mimi kituoni niliulizwa, nikabaki kueleza rangi.

Mnyororo wangu ni mzito, nauzungushia kwenye nguzo ya kiti, na tyubu kuukuu niliyoivisha inazuia usikwaruze rangi. Yule kijana muuzaji siku hizi akiniona kwa mbali ananisalimia, "Mwangaluka, mzee wa tupa!" Kisha anaivuta minyororo yake nyuma ya meza.