Mwezi wa Tisa, Visiwa Viwili Basi

Mume wangu ana karatasi. Ameikunja mara nne, anaitoa mfukoni kila tukimaliza chakula cha usiku, na kila akiitoa imeongezeka jina. Juzi ilikuwa Barcelona, Nice, Roma, Santorini, Dubrovnik. Siku kumi na nne. Nikamuuliza, "Baba Nasra, hii ni safari ya miaka kumi na mbili ya ndoa au ni ziara ya waziri?" Akacheka, ila karatasi akairudisha mfukoni.

Mimi msimamo wangu ni huu, na nimeuandika hapa ili nisiweze kuugeuza: wawili wanaokwenda bahari ya Mediterania mwezi wa tisa wachague upande mmoja, visiwa viwili, na waanze kupanga kwa ratiba ya boti. Majina makubwa yanaweza kusubiri.

Nina sababu. Mwaka 2019 tulizunguka miji sita kwa siku kumi na moja, bandika bandua. Kila asubuhi ya pili tunafunga mabegi, kila jioni tunauliza hoteli iko mtaa gani. Nikiulizwa leo nilichokiona, nitakutajia stesheni za treni. Nice, mji wenye maji ya buluu yale unayoyaona kwenye kalenda, tulikaa kwenye mabenchi mawili tofauti tukinuniana kwa sababu ya gurudumu la sanduku lililong'oka. Baharini hatukutia hata mguu. Picha zipo na tunatabasamu, kwa hiyo ndugu wote wanaamini tulifurahi.

Kwa nini mwezi wa tisa? Bahari huchelewa kupoa kama ilivyochelewa kupata joto. Kuzunguka Sisilia, kile kisiwa kikubwa cha kusini mwa Italia, mwezi huo maji huwa karibu nyuzi 25, yaani mtu aliyezoea kuoga Tanga au Bagamoyo hatapiga kelele akijitosa. Agosti ni balaa. Waitaliano wenyewe wote wako ufukweni, kilele kikiwa sikukuu yao ya tarehe 15. Katikati ya Septemba shule zinafunguliwa, watoto wanarudi mjini, na mwavuli wa ufukweni unaupata bila kugombana na mtu. Wao huo kwao ni mwanzo wa vuli. Neno hilo linanichekesha kidogo, maana sisi tukisikia vuli tunawaza mvua na kuotesha mahindi, na wao bado wanavaa kaptula.

Lakini msidanganyike kwamba Septemba kote ni kutulivu. Ugiriki ilianza mwaka 2025 kutoza abiria wa meli za kitalii wanaoshuka Santorini na Mykonos euro 20 kila mmoja, na bei hiyo ya juu inakwenda mpaka tarehe 30 Septemba. Serikali haiweki tozo ya msimu wa watu wengi kwenye mwezi usio na watu. Barcelona nako, Julai 2024 waandamanaji waliwamwagia watalii maji kwa bastola za kuchezea. Sisemi watu wasiende. Nasema mimi sitaki kulipa nauli ya mbali kiasi hicho nikajibanze kwenye foleni ya kupiga picha ya machweo, wakati machweo ya Pangani ni ya bure.

Ndiyo maana karatasi yangu ina sehemu moja: magharibi ya Sisilia. Baba Nasra aliposikia akauliza kama si huko kwenye mafia. Nikamwambia atulie, asikilize.

Sisilia ilitawaliwa na Waarabu karne mbili na zaidi. Walitua Mazara mwaka 827, wakaichukua Palermo mwaka 831, na Wanormani, wapiganaji wa Kikristo kutoka kaskazini mwa Ufaransa, wakaitwaa mwaka 1072 bila kuwafukuza mafundi na wasomi waliowakuta. Matokeo yake ni kwamba Mswahili akifika kule masikio yanasimama. Zabibu zao tamu wanaziita zibibbo. Mlima Etna una jina la zamani, Mongibello, ambamo nusu ni Kilatini na nusu ni jabali letu hili hili, ukitafsiri unapata Mlima Mlima. Mji wa Marsala umeanza na marsa, bandari. Na kule Favignana, kisiwa ambacho ndicho moyo wa safari yangu, mkuu wa wavuvi wa jodari, yule aliyeamua nyavu zitegwe wapi na zivutwe lini, cheo chake kiliitwa rais. Hapo ndipo Baba Nasra alipoanza kusikiliza kwa makini.

Nikamwongezea la Al-Idrisi. Huyu, mwanajiografia Mwarabu, alikaa Palermo kwenye baraza la Mfalme Roger wa Pili wa Sisilia, na mwaka 1154 akakamilisha kitabu cha jiografia ambamo, pamoja na nchi nyingine zote alizozijua, anaitaja Malindi na Mombasa. Fikiria: zaidi ya miaka mia nane na sabini iliyopita, kuna mtu kaketi kwenye kisiwa hicho anaandika habari za pwani yetu. Ramani zake zimechorwa kusini ikiwa juu. Sisi tuko juu, Ulaya iko chini. Nataka kwenda kuutazama mji alioandikia hayo, na nataka kusimama upande wa kusini wa kanisa kuu la Palermo, penye nguzo iliyochongwa aya ya Qur'ani kutoka Surat Al-A'raf. Nguzo imo kwenye ukumbi wa kuingilia kanisani, na hakuna aliyeing'oa.

Sasa mpango wenyewe. Dar hadi Roma kwa kubadilisha ndege mahali pamoja, Addis Ababa au Doha au Istanbul, kutegemea bei. Usiku mmoja Roma wa kunyoosha miguu. Kesho yake treni ya kasi hadi Napoli, saa moja na dakika chache, halafu jioni meli ya usiku kwenda Palermo. Kuna ndege, najua, tena ya muda mfupi. Lakini meli inaondoka jioni, mnalala, mnaamka mnaiona Palermo na milima yake mbele yenu. Hoteli ya usiku huo hamjalipa, na hakuna wa kukuvua mkanda na viatu uwanjani. Palermo siku tatu. Basi hadi Trapani, kama saa mbili. Boti hadi Favignana, nusu saa hivi. Pale usiku nne. Kisha Marettimo, kisiwa cha pili, usiku mbili, kisha Trapani usiku mbili, kisha nyumbani.

"Sisilia yenyewe si kisiwa?" akauliza. "Basi visiwa ni vitatu." Sawa, vitatu. Hapo nimekubali.

Usiku nne Favignana ndizo anazozipinga. Kisiwa cha kilomita za mraba zisizofika 20, anasema, tutafanya nini siku zote hizo? Tutakodi baiskeli. Kisiwa karibu chote ni tambarare, kina mlima mmoja tu katikati, na watu wanakizunguka kwa baiskeli. Tutaogelea Cala Rossa, ambako mawe yalikatwa kwa karne nyingi ya kujengea nyumba hadi ufuko ukabaki na kuta zilizonyooka kama zimekatwa kwa kisu. Tutaingia kile kiwanda cha zamani cha jodari cha familia ya Florio, sasa ni makumbusho. Na siku moja hatutafanya kitu. Kwenye kalenda nimeiacha tupu kwa makusudi, na siku hiyo ndiyo nitakayoitetea kuliko zote. Watu wawili wenye watoto, kazi, na simu za ukoo hawajakaa siku nzima bila ratiba tangu harusi yao. Mpaka leo sijui kama bado tuna la kuzungumza baada ya saa nne asubuhi.

Marettimo ni mbali zaidi na juu zaidi, kilele chake kina mita 686, njia ni za miguu. Hapa ndipo watu wa bara hukosea kupanga. Mtu wa pwani anajua kwamba bahari ina mwenyewe: kuna kusi, kuna kaskazi, na nahodha akisema leo haendi mtu, haendi mtu. Kule wana siroko inayotoka Sahara na maestrale inayotoka kaskazini magharibi, na kadiri Septemba inavyoisha ndivyo dhoruba za kwanza zinavyoanza kubisha hodi. Boti za kasi, zile zinazoinuka juu ya maji kwa mabawa, ndizo za kwanza kusimamishwa upepo ukichafuka. Meli nzito huvumilia zaidi. Kwa hiyo kisiwa cha mbali kiwekeni katikati ya safari, kamwe kisiwe usiku wa mwisho. Siku mbili za mwisho kaeni upande wenye basi na uwanja wa ndege. Nimeona watu wanapanga kisiwa kiwe kilele cha mwisho ili picha zinoge, halafu upepo unavuma na ndege inawaacha.

Chakula sina wasiwasi nacho. Sokoni Ballarò, Palermo, wanauza panelle: unga wa dengu unasongwa, unakatwa vipande, unakaangwa, unatiwa ndani ya mkate na tone la limau. Mtoto yeyote wa Tanga ataijua ni binamu wa bhajia. Trapani wanapika kuskusi kwa mvuke na kuimwagia mchuzi wa samaki, na jirani yao San Vito Lo Capo mwezi huo huo wa tisa kuna tamasha zima la kuskusi. Wali kwa samaki, kasoro wali. Ila ndugu zangu Waislamu, angalieni cannoli. Zinapendeza, zimejaa jibini tamu, lakini yale maganda kwa mapishi ya asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe na mvinyo wa Marsala. Ulizeni kabla ya kung'ata. Granita ya limau, ile barafu tamu iliyosagwa, haina fitina.

Tukirudi kwenye karatasi ya Baba Nasra, hoja iliyomtikisa zaidi haikuwa mahaba wala historia. Ilikuwa viza. Mwenye pasipoti yetu anaomba viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, kwenye nchi atakakokaa siku nyingi zaidi. Ukiwa na Hispania siku tatu, Ufaransa tatu, Italia tatu, Ugiriki tatu, unaomba kwa nani? Zikilingana, ni ile utakayoingia kwanza, lakini nenda kamweleze mtu wa dirishani kwa nini una hoteli tano na ndege nne na uhakika wa kurudi. Safari ya nchi moja inajieleza yenyewe. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe chini ya siku 15. Mimi kwa Septemba nitapeleka mwezi wa tano, maana nafasi za miadi hujaa kabla hujapata barua ya mwajiri. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Bima lazima iwe ya angalau euro 30,000. Hoteli chukueni zinazofutika bila faini. Tiketi ya ndege msinunue kwa pupa. Kuna mwaka tulinunua kwanza, pasipoti ya Baba Nasra ikarudi siku mbili baada ya ndege kuruka. Nauli ile tuliihesabu kuwa sadaka.

Kuna jambo moja sikulitia kwenye mpango na bado linanirudia. Kusini zaidi ya Favignana, karibu na Tunisia kuliko Sisilia, kuna kisiwa cha Lampedusa. Kina fukwe ambazo wengi huziweka kati ya nzuri kabisa za Italia. Tarehe 3 Oktoba 2013, mwanzo huo huo wa vuli yao, boti ya wahamiaji ilizama karibu na ufuko na watu 368 wakafa, wengi wao wakiwa Waeritrea. Baba Nasra alipendekeza tuende, akiamini kupita bila kwenda ni kama kugeuza uso. Mimi sikuweza kujiona natandaza taulo pale. Tulibishana usiku mzima, bila hasira, na hatukumalizana. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu tuanze kupanga tulizungumza habari ya bahari yenyewe, na si hoteli.

Mizigo: begi moja kila mtu, lile unaloweza kulibeba kwa mkono mmoja ukipanda daraja la boti. Hili halina mjadala, na anayetaka kujua sababu arudi kwenye lile gurudumu la Nice.

Jana usiku karatasi ilitoka tena mfukoni. Barcelona imekatwa mstari. Dubrovnik imekatwa. Santorini imekatwa kwa kalamu nyepesi, kama mtu anayejiachia mlango. Chini kabisa kaandika swali: chumba chenye dirisha kwenye meli ya Napoli ni shilingi ngapi zaidi ya kile cha ndani? Nimeangalia. Ni zaidi kiasi cha kuuma. Bado sijamjibu, ila nimeshaanza kuuliza bei ya vitambaa vyangu vya kushona, nione vikiuzwa vyote kabla ya mwezi wa tano vitafika wapi.