Ami, Wimbo Bora wa Queen Si Huo

Jumamosi iliyopita, baada ya isha, nilitukanwa barazani kwetu Kibokoni, Mombasa. Tusi la nguoni ningelimeza na kahawa likapita. Hili halipiti. Ami, mtu wa hirimu ya marehemu babangu, aliniangalia mbele ya watu sita akasema: "Wewe muziki huujui. Wewe wajua spika."

Watu wakacheka. Mmoja alicheka mpaka tende ikampalia, na sikumpa maji.

Kisa ni Queen. Naam, ile bendi ya roki ya Uingereza, wale wa Freddie Mercury. Baraza letu limeshamaliza bei ya unga, bandari, na nani anahamia klabu gani Uingereza. Limeshagombana pia juu ya Juma Bhalo na Zein l'Abdin, waimbaji wetu wa taarabu, ugomvi ambao mimi siugusi maana kuna watu hawajasalimiana mpaka leo. Usiku ule kijana mmoja alipita na simu yake ikilia Bohemian Rhapsody. Ami akanyoosha kidole kama kadhi: huo ndio wimbo bora wa Queen, hakuna mwengine, maneno yamekwisha.

Nikauliza kwa adabu zangu zote: kwa nini, Ami?

"Una Bismillah ndani yake."

Haya. Neno limo, sikatai, na mara ya kwanza nilipolisikia nikiwa mtoto nilishtuka nikazima redio, nikidhani nimekosea kitu. Lakini kama Bismillah ndiyo kipimo, mbona hatuutaji Mustapha, ule unaofungua albamu ya Jazz ya 1978, ambao Freddie anauanza kwa kumwita Ibrahim na jina la Mola limejaa tele? Pale barazani hakuna aliyewahi kuusikia. Anayetetea wimbo kwa neno moja, aghalabu kanda yenyewe hajaigeuza upande wa pili.

Hoja ya pili ikaja mbio: ni mtoto wa nyumbani. Kweli, Freddie, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, kazaliwa Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, kwa wazazi Waparsi. Akapelekwa India kusoma angali mdogo, akarudi, na 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Ami husema "kijana wetu" utadhani walicheza gololi pamoja Shangani. Raha hiyo naijua, na mimi hujidai nayo mbele ya wageni. Lakini inatuambia nini kuhusu wimbo? Katika nyimbo zake zote Freddie alikuwa kazaliwa Unguja. Hata zile mbaya.

Kijana mwenye simu, ambaye filamu ya 2018 kuhusu Freddie ameitazama mara nyingi kuliko alivyofungua vitabu vyake, akasema We Are the Champions. Huo ni wimbo wa kombe. Kombe likishapelekwa nyumbani hubaki watu wakipepesuka na kupunga mikono. Love of My Life tuwaachie walioachwa. Radio Ga Ga makofi yake ni mazuri kuliko wimbo. Nimemaliza na hizo.

Wangu mimi ni Another One Bites the Dust. Nilipoutaja, Ami alisema neno moja, "Disko," kwa sauti ya mtu aliyeona nzi kwenye kikombe chake. Kisha ndipo akanirushia lile la spika.

Sasa mniwie radhi, nitasema.

Bohemian Rhapsody ni kazi ya ajabu. Mwaka wa 1975, bila kompyuta, watu wale walipandisha sauti juu ya sauti mpaka utepe ukachakaa kwa kupitishwa kwenye mashine, ukawa mwangaza unapenya. Kile kipande cha katikati peke yake kilikula kama wiki tatu. Wimbo una karibu dakika sita na waliambiwa redio hazitaupiga. Ukakaa wiki tisa kileleni Uingereza, na Freddie alipofariki 1991 ukarudi kileleni tena. Nimekubali. Msiniombe nikubali mara mbili.

Ila wimbo ule ni kasri. Unaingia umevua viatu, unatazama dari, unasema mashallah, unatoka. Hakuna pa kukaa. Kila pembe kuna mtu anaimba, na kila ukitaka kusogea unaambiwa ngoja, sasa inakuja sehemu nyingine. Mimi sijawahi kuona mtu akifanya kazi yoyote huku wimbo ule unapigwa. Ama unasikiliza, ama unajifanya wewe ndiye Freddie.

Another One Bites the Dust ni baraza. Besi inagonga mara tatu. Kimya. Inagonga tena mara tatu, halafu inazunguka na kurudi ilikotoka. Ule ukimya wa katikati ndio wimbo wenyewe, jamani! Pale ndipo unapoingia wewe. Wakati tunabishana, muuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake, na nilitaka kumshika mkono nimwambie Ami: sikiliza, huyu naye angegonga bila kupumzika, nani angemsikia? Sote tunamjua muuza kahawa kwa yale mapengo.

Nyumbani kwetu kanda ya Queen ililetwa na mjomba wangu aliyekuwa baharia. Mabaharia ndio waliotuletea kila kitu enzi hizo: marashi, saa, kanda, na mara nyingine watoto. Ilikuwa ile Greatest Hits ya 1981, na tuliipiga mpaka ikawa yajikokota, tukiirudisha nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa hataki kelele za wazungu. Bohemian ikifika pale wanapopigiana makelele hutoka jikoni kuuliza nani amekufa. Lakini alikuwa na wimbo wake. Akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi, hupaza sauti: "Rudisha ile yenye kutembea."

Ile yenye kutembea. Kiingereza hakujua, Queen hakuwajua, na nazi ile ilikunwa kwa mdundo wa besi, gonga tatu, pumzika, mpaka kifuu kikawa cheupe. Hukumu hiyo kwangu imetosha. Lakini Ami hakumjua bibi yangu, kwa hivyo nitaendelea.

Baada ya shule nilikuwa nikifanya kazi kwa fundi wa redio Mwembe Tayari, marehemu sasa. Juu ya meza yake kulikuwa na kanda moja haina jalada. Kila dek ya kupigia kanda, kila redio ya gari, kila spika iliyotengenezwa, haikuondoka bila kujaribiwa kwa kanda ile. Wimbo ulikuwa nini? Msiniulize, mmeshajua. Siku moja nilitia Bohemian kwa ujuaji wangu, nikasema imepona. Fundi akatia yake. Kwenye gongo la tatu spika ikakoroma kama mzee mwenye kikohozi: karatasi ilikuwa imepasuka kwa ndani. Kwenye Bohemian ufa ule haukusikika, kwa kuwa zile sauti tele hufunika kila kitu. Another One haina pa kuficha kasoro. Besi, ngoma kavu, gita linalokwaruza kidogo, mtu mmoja anaimba. Hata ngoma ya Roger Taylor, mpiga ngoma wao, waliijaza mablanketi isivume. Ukivaa nguo chache kiasi hicho sharti uwe na umbo.

Na sasa tuje kwenye tusi lenyewe. "Wewe wajua spika." Ami, wamjua aliyetunga wimbo huo?

Si Freddie. Ni John Deacon, yule wa besi, yule ambaye katika picha hutazama pembeni kama mtu anayengojea feri. Aliingia Queen 1971, wa mwisho kati ya wanne, na mwaka huohuo akamaliza chuo Chelsea, London. Alisomea nini? Elektroniki! Huyu ni fundi, Ami. Mwaka mmoja baadaye aliokota kibao cha saketi kwenye jaa la takataka, barabarani London, akaenda nacho nyumbani, akakiunganisha na spika ndani ya kijisanduku, kikawa ampilifaya. Brian May, mpiga gita wao, alikitumia kijisanduku hicho miaka na miaka kurekodi yale magita yake yanayolia kama bendi nzima ya matarumbeta. Na May mwenyewe gita lake alilitengeneza na babake, mti wa shingoni ukitoka kwenye fremu ya meko kuukuu. Kundi unalolisujudia lilijaa watu wenye harufu ya lehemu mikononi. Wakija leo Mwembe Tayari na vyombo vyao wangepewa stuli na chai bila kuulizwa.

Deacon huyo ndiye aliyetunga You're My Best Friend. Ndiye wa I Want to Break Free. Wanne wale kila mmoja alitunga wimbo uliotamba, lakini hapa kwetu ukisema Queen mtu husikia Freddie, utadhani wengine walikuwa wabeba mizigo. Sisi watu wa taarabu tunafanya kosa hilo! Sisi ambao mtu akiimba shairi la mwenzake bila kumtaja mtunzi maneno hayaishi mwaka mzima. Kwa wazungu tumesahau kuuliza nani kaandika. (Tena mwajua upande wa pili wa sahani ya Bohemian Rhapsody kulikuwa na nini? Wimbo wa Roger Taylor kuhusu kuipenda gari yake. Kila sahani iliyouzwa, wa gari alilipwa sawasawa na wa Bismillah. Ugomvi wake mnaweza kuukisia.)

Mtasema besi ile ni ya kuazima. Deacon alikuwa amekaa na watu wa Chic, bendi ya disko ya Marekani, studioni, na Good Times yao ya 1979 ilitangulia; ukizisikiliza pamoja utajua ni ndugu. Kweli. Kaazima, na alichoazima kakirudisha kimepigwa pasi. Mtasema pia bila Freddie wimbo ungebaki mifupa. Hilo linaniuma, kwa kuwa ni kweli: May amesimulia kwamba Freddie aliuimba mpaka koo likatoka damu. Taylor hakuutaka utolewe peke yake. Aliyewashikilia wautoe ni Michael Jackson, alipowatembelea nyuma ya jukwaa Los Angeles. Ukatolewa Agosti 1980, na Oktoba ukawa wa kwanza Marekani kwa wiki tatu. Sasa barazani Kibokoni masikio ya Michael Jackson yamekuwa ya disko.

Halafu kuna hili, ambalo nililisema na hawakuniamini: madaktari wameutaja miongoni mwa nyimbo zenye kasi inayofaa kumkandamiza kifua mtu aliyesimama moyo, mikandamizo kama 110 kwa dakika. Jina la wimbo maana yake mwengine kaanguka. Nadhani ndiyo sababu wagonjwa hawaambiwi.

Lakini ninalolipenda zaidi kwa Deacon ni lililokuja baadaye, na hapa sifanyi mzaha. Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991, ana miaka 45. Wengine waliendelea, wakatafuta waimbaji, wakazunguka dunia, na sina neno nao. Deacon alirekodi nao kidogo, mara ya mwisho 1997, wimbo wa kumlilia Freddie, kisha akaweka besi chini. Mwaka wa 2001 walipoitwa Marekani kuenziwa, hakwenda. Kama wanaume wangekaa eda, ningesema yule hajatoka. Mtu huyo aliyejua thamani ya pengo katikati ya magongo matatu na matatu, rafiki yake alipoondoka akaacha pengo likae. Mimi nikisikia besi ile siku hizi, kwenye matatu ya Kisauni, madirisha yakitetemeka na makanga ananing'inia mlangoni, humkumbuka mzee mmoja Uingereza aliyekaa kwake kimya, nikasahau kuteremka. Jumatatu nilipitilizwa vituo viwili.

Haya yote sikuyasema Jumamosi. Jumamosi nilisema, "Sawa Ami," nikanywa kahawa yangu, nikaondoka na hasira. Ndivyo tulivyolelewa.

Jana magharibi, simu ikalia. Ami. Salamu ndefu, nyumbani hawajambo, watoto hawajambo, shule zimefunguliwa? Kisha akakohoa. Ile dek yake ya zamani imekula kanda. Kanda gani, Ami? Akanyamaza kidogo. Ya Queen. Utepe umejisokota ndani na yeye anaogopa kuuvuta. Mafundi wa siku hizi wajua simu tu, akasema; kama ningeweza kupita siku moja, kwa nafasi yangu.

Nimemwambia nitakwenda Ijumaa baada ya swala. Nimeshatafuta bisibisi ndogo na pamba ya kusafishia hedi. Na ile kanda isiyo na jalada, ambayo mke wa marehemu fundi alinipa duka lilipofungwa, nayo nimeitia mfukoni, kwa kuwa dek ikishatengenezwa sharti ijaribiwe.