Kyubu za Zege na Maharage ya Babu

Fundi wangu wa Chanika alikuwa na jibu moja kwa kila swali: moja mbili nne. Zege la msingi? Moja mbili nne. Nguzo je? Moja mbili nne. Naamini hata ningemwomba namba ya simu ya mkewe angeanza hivyo hivyo.

Kwa maneno hakuwa na kosa. Saruji moja, mchanga mara mbili yake, kokoto mara nne. Nyumba nyingi za kawaida zimekaa juu ya mchanganyiko huo na hazijalalamika. Balaa lilikuwa kwenye kipimo. "Moja" ya fundi ilikuwa mfuko wa kilo 50. "Mbili" yake ilikuwa toroli mbili za mchanga, na "nne" toroli nne za kokoto. Tena si toroli ya kusawazishwa mdomo. Ni toroli ya saidia fundi anayetaka kuwahi mechi ya jioni, imejazwa kichuguu mpaka mchanga unadondoka njia nzima.

Sasa mfuko wa kilo 50, ukiumwaga, una ujazo wa lita 35 hivi. Toroli inachukua lita 60 na ushee kabla hata ya hicho kichuguu. Kwa hiyo moja mbili nne yetu ilikuwa inakaribia moja nne nane, na saruji pale ilikuwa mgeni mwalikwa tu. Maji nayo hayakupimwa. Mfuko mmoja unatosheka na lita 25 mpaka 30. Fundi alikuwa anamimina ndoo hadi "liteleze lenyewe".

Aliyeshtuka ni mpwa wangu, anayesoma chuo cha ufundi. Alikuja na kasha la mbao alilolipigilia mwenyewe: sentimita 40 kwa 35, kina 25. Mfuko mmoja unaenea humo sawasawa, na mchanga na kokoto unapima kwa kasha hilo hilo. Alipofika, mtaro wa upande wa jikoni ulikuwa umeshajazwa.

"Anko, hili si zege," akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Huu ni mchanga uliopakwa poda."

"Dogo," fundi akajibu, "mimi nimeanza kumwaga zege mama yako hajaolewa."

Mama yake ni dada yangu, na kwa kweli alichelewa kuolewa, kwa hiyo hapo sikutia neno.

Ikabidi tukubaliane: sehemu iliyobaki imwagwe kwa kasha, halafu zege lote lipimwe maabara. Mpwa wangu akaazima kalibu za chuma za milimita 150 kila upande. Tukatoa kyubu tatu, yaani vipande vya zege vya mchemraba vya kupimia, kwenye zege la fundi na tatu kwenye la kasha. Kesho yake akazifungua, akazichora kwa msumari herufi F na K, akazitumbukiza kwenye pipa la maji, kwani zege hukomaa likiwa na unyevu. Zege la daraja la 20, likifika siku 28, kyubu ya namna hiyo inatakiwa ihimili kama tani 45 kabla ya kupasuka. Siku ya 7 linakuwa limefika karibu theluthi mbili ya nguvu hiyo, na ndiyo siku tuliyopanga kuzipeleka.

Mlinzi wetu, Babu, aliambiwa maji ya pipa yale yasiguswe. Na kweli, hakugusa maji.

Jioni ya kuamkia maabara nikafika saiti kuzichukua. Nikamkuta Babu amepika, fundi amekaa pembeni na sahani tupu mapajani. Maharage yanatokota. Sufuria limetulia vizuri ajabu. Nikainama: chini yake mafiga matatu, meusi upande wa moto, kingo zimenyooka kwa rula. Figa moja lilikuwa linatoa mvuke kwenye kona, linalia ssss, na juu kidogo ya masizi nikasoma K.

"Babu, haya mafiga umeyatoa wapi?"

"Kwenye pipa, mwanangu. Yale ya mawe yalikuwa yanayumba. Haya yamelingana—"

PAAH!

Kyubu ilipasuka kwa kishindo, sufuria likalala ubavu, mfuniko ukaviringika hadi kwenye nondo. Moto ukazimwa na mchuzi. Punje moja ya haragwe ikatua juu ya kofia ya fundi, ikatulia pale, naye hakuwa na habari.

"Mmeona!" akaruka fundi. "La shule limelipuka! Ya kwangu mawili haya hapa, mazima!"

Mpwa wangu akatoka mbio. "Limelipuka kwa sababu limeshikana! Mvuke umekosa pa kutokea. La kwako lina matundu, limepumua!"

"Kwa hiyo bora ni lipi, linalopumua au linalomwaga maharage?"

Babu alikuwa upande wa fundi. Mtu aliyepoteza chakula cha usiku humwelezi habari za matundu.

Maabara tulipeleka zilizosalia, F moja na K mbili. Za K zilipita. Ile ya F mashine iliibana kidogo tu. Kijana wa maabara akauliza kama tumekosea tukaleta tofali la kuchoma.

Fundi alipoambiwa msingi wa jikoni uvunjwe, akanitajia bei ya kuvunja. "Zege gumu hilo, bosi. Litataka nyundo kubwa, tindo, na vijana wanne."

Babu, bado ana msiba wake, akasogea akagonga kona kwa rungu la lindo. Kikamong'onyoka kipande kizima, kikaingia mtaroni.

Fundi akakitazama kwa muda.

"Basi," akasema, "vijana wawili watatosha."